Tusiulize Bei Peke Yake: Thamani ya Fedha katika Ujenzi wa Umma na Ujenzi Wetu

Mada iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa wana Msimbati, kabla ya kuanza kwa changizo



Mada tuliyopangiwa mwaka huu kwa jina lake inasikika kama ya maofisini: thamani ya fedha katika ujenzi wa umma na katika ujenzi unaogharamiwa na watu binafsi. Tumeikubali kwa sababu leo jioni mtaombwa mfanye uamuzi unaohusu jambo hilohilo. Tunataka bweni la wasichana. Mezani yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni kujenga kwa michango yetu, kwa awamu. La pili ni kumkubali mfadhili wa ujenzi atakayejenga lote sasa, sisi tumlipe kidogo kidogo kwa miaka saba. Kabla hamjanyoosha mikono, tunaomba tuelewane namna ya kupima mambo ya aina hii. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaoshika madaftari ya watu huko mjini tumeuona ukweli wa maneno hayo mara nyingi.

Thamani ya fedha ni nini?

Watu wengi wakisikia "thamani ya fedha" wanafikiria bei ya chini. Wakaguzi wa hesabu hawapimi hivyo. Wao huuliza maswali matatu. La kwanza ni la uwekevu: je, tumenunua kwa bei inayostahili, bila kulipa zaidi ya ilivyolazimu? La pili ni la ufanisi: je, kwa kile tulichonunua tumepata kazi kamili, au saruji mifuko mia imejenga ukuta wa mifuko sitini? La tatu ni la tija: je, jengo lenyewe limetimiza lile tulilolikusudia? Zahanati nzuri isiyo na mganga ina uwekevu, pengine hata ufanisi, lakini tija haina.

Sisi watu wa pwani tunalijua hili bila kusoma uhasibu. Mvuvi anayenunua mtumbwi haulizi bei peke yake. Anauliza umechongwa kwa mti gani, utadumu miaka mingapi, utahitaji matengenezo kila baada ya muda gani, na utabeba nyavu zake zote au nusu. Mtumbwi wa bei ndogo unaooza mwaka wa pili umemgharimu kuliko ule wa bei kubwa unaofika mwaka wa kumi. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Gharama yake ni ya kulijenga, kulitunza, kuliendesha na kulikarabati kwa miaka yote litakayosimama. Anayekutajia bei ya kujenga tu amekuonyesha mkia wa samaki.

Tukianzia nyumbani: gesi na bomba

Mfano mkubwa kabisa wa ujenzi wa umma hatuna haja ya kuufuata mbali. Upo hapa chini ya mchanga wetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia. Ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2004 kampuni ya Artumas ya Kanada ikaingia mkataba na Serikali, na kufikia mwaka 2007 gesi yetu ilikuwa inazalisha umeme wa Mtwara. Baadaye uendeshaji wa visima ukawa chini ya kampuni ya Maurel & Prom ya Ufaransa.

Kisha likaja bomba. Ujenzi ulianza mwaka 2012, ukiwa na mitambo ya kusafisha gesi hapo jirani Madimba na kule Songo Songo, na bomba la zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Gharama iliyotajwa ni takriban dola za Marekani bilioni 1.2, fedha ambazo sehemu yake kubwa kabisa ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na wajenzi walikuwa kampuni ya Kichina. Gesi ya Mnazi Bay ilianza kuingia kwenye bomba mwezi Agosti 2015, na bomba likazinduliwa rasmi Oktoba mwaka huohuo. Yaliyotokea Mtwara mwishoni mwa 2012 na mwaka 2013 hatuna haja ya kuyasimulia, wengi mliyaona kwa macho. Leo tunaliangalia bomba hilo kwa jicho la hesabu.

Tuanze na upande wa mashaka. Bomba lilijengwa kubeba gesi nyingi sana, hadi futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Katika miaka ya mwanzo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha kuwa linatumika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo huo, kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vya kuipokea gesi vilikuwa havijakamilika. Mkopo nao haungoji bomba lijae. Rejesho linakuja kwa tarehe yake, bomba liwe limejaa au liko tupu. Hilo ni somo la kwanza: ukikopa kujenga kitu kikubwa, unalipia ukubwa wote tangu siku ya kwanza, hata kama unatumia robo.

Sasa upande wa pili, kwa sababu mhasibu anayesoma safu moja ya daftari hajamaliza kazi. Kabla ya bomba, nchi ilikuwa inakodi mitambo ya dharura na kuchoma mafuta ya bei kubwa ili taa za Dar es Salaam zisizimike. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi ilipoanza kazi, Kinyerezi I yenye megawati 150 na baadaye mwaka 2018 Kinyerezi II yenye megawati 240, gesi ya kusini ilichukua nafasi ya sehemu kubwa ya mafuta hayo. Kwa hiyo thamani ya bomba haipimwi kwa gharama ya chuma chake tu. Inapimwa pia kwa mafuta ambayo hayakununuliwa. Hilo ni somo la pili: linganisha mradi na kile ambacho kingetokea kama usingekuwepo.

Somo la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Thamani ya fedha ni thamani kwa nani? Mwenye taa Dar es Salaam amepata yake. Msimbati je? Hapa tunaomba vijana wasikilize. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni zilizofanya kazi katika eneo lake, ukiondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Kwa kiwango hicho, kila shilingi bilioni 10 za mauzo zilileta ushuru wa hadi shilingi milioni 30. Si fedha za kuwatajirisha watu, lakini kwa bei tutakazotaja hivi punde, milioni 30 ni darasa moja na nusu. Tukienda kwenye vikao vya baraza la madiwani na mikutano ya kijiji, swali letu liwe la kihesabu: kiasi gani kiliingia mwaka huu kutokana na gesi, na kiasi gani kati ya hicho kilirudi kwenye kata inayotoa gesi? Swali la namna hiyo linajibika kwa karatasi. Maneno ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Serikali ikijenga yenyewe: madarasa ya milioni ishirini

Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa kutumia shilingi trilioni 1.3, mkopo nafuu kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Ndani yake yalikuwemo madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Utaratibu ukawa ule tuliozoea kuuita fosi akaunti, yaani shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kuajiri fundi wa hapohapo, badala ya kumpa kazi mkandarasi mkubwa.

Faida yake ilionekana haraka. Faida ya mkandarasi ilipungua kwenye bei, fedha zikabaki kwa mafundi wa vijijini, na watoto wengi waliingia madarasani mwaka 2022 bila kupokezana zamu. Ndiyo maana utaratibu huu umeendelea kutumika kwenye shule, vituo vya afya na nyumba za watumishi.

Lakini una udhaifu wake, na ripoti za ukaguzi zimeurudia mwaka hadi mwaka. Vifaa vinanunuliwa kwenye duka moja bila kulinganisha bei. Kamati ya mapokezi inasaini karatasi ilhali haijahesabu mifuko. Mhandisi wa halmashauri ana miradi mingi kuliko siku za wiki, kwa hiyo fundi anamwaga zege bila jicho la mtaalamu. Jengo likikamilika, huduma haianzi kwa sababu hakuna samani, umeme au mtumishi.

Liko na tatizo jingine ambalo sisi wa Msimbati tunalijua. Kiasi kimoja kwa nchi nzima ni rahisi kwa mpangaji wa Dodoma, lakini kokoto haina bei moja nchi nzima. Aliye karibu na machimbo anapata darasa zuri kwa milioni 20. Aliye mwisho wa barabara ya mchanga, ambako lori linataka nauli mara mbili, anapata darasa lenye sakafu nyembamba kwa fedha hizohizo. Kwa upande wa saruji tumepata nafuu: kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa Mtwara mwaka 2015 kiko jirani. Nondo, bati na mbao bado zinakuja na nauli.

Na mchanga? Mchanga tunao wa kumwaga, lakini ule wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Ukuta unaonekana mzima kwa miaka kadhaa, kisha unaanza kupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Hapo ndipo mchanga wa bure unapogeuka kuwa mchanga wa gharama kubwa kuliko wote. Aidha, mchanga wa pwani yetu si wa kuchotwa ovyo, kwani tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kwa sababu zote mbili, mchanga wa jengo letu utatoka bara na utalipiwa.

Mtu binafsi akijenga, umma ukalipa

Sasa tuje kwenye njia ya pili, ya kumwachia mwenye mtaji ajenge kisha tumlipe. Serikali inaita ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, na sheria yake imekuwepo tangu mwaka 2010, ikarekebishwa mara kadhaa. Njia hii si dhambi. Ina mahali pake. Ila inataka macho mawili yaliyo wazi.

Mfano ulio karibu na wengi wetu ni Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililozinduliwa Aprili 2016. Mfuko wa NSSF ulichangia asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Kwa kuwa fedha za NSSF ni akiba za wafanyakazi, hazikuweza kutolewa kama sadaka. Zilipaswa kurudi, na ndiyo sababu ya tozo pale getini. Watu wa Kigamboni wamelalamikia tozo hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Kila upande una hoja. Mwenye gari anasema: mbona madaraja mengine hayalipiwi? Mwanachama wa mfuko anasema: hiyo ni pensheni yangu. Hapo tunajifunza kuwa ufadhili wa nje hauifuti gharama. Unachagua tu nani atalipa, na lini.

Mfano mchungu zaidi ni wa IPTL. Miaka ya tisini nchi ilikumbwa na ukame na mgao wa umeme. Mwaka 1995 TANESCO ikasaini mkataba wa miaka 20 na kampuni hiyo, ijenge mtambo wa mafuta wa megawati 100 huko Tegeta. Ndani ya mkataba kulikuwa na tozo ya uwezo: TANESCO italipa kila mwezi kwa sababu mtambo upo tayari, uwashwe usiwashwe. Na kiasi cha tozo hiyo kilitegemea gharama ya kujenga mtambo. Hivyo mjenzi akisema ametumia zaidi, mlipaji analipa zaidi kwa miaka ishirini. Ubishi juu ya gharama halisi ulifika kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, ICSID, ambalo liliipunguza, na mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002. Hata hivyo migogoro haikuisha. Mwaka 2014 Bunge lilitumia siku kadhaa kujadili akaunti ya Tegeta Escrow iliyotokana na mkataba huohuo. Mkataba uliosainiwa kwa haraka ya giza ukaisumbua nchi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wala si sisi Waafrika pekee. Uingereza ilianza kujenga shule, hospitali na magereza kwa fedha za watu binafsi tangu mwaka 1992. Mwaka 2018 ofisi yao ya taifa ya ukaguzi ilieleza kuwa kundi moja la shule lililogharamiwa kwa njia hiyo liligharimu takriban asilimia 40 zaidi kuliko kama serikali ingekopa yenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo waziri wao wa fedha akatangaza kwamba hawatasaini mikataba mipya ya aina hiyo. Sababu si ngumu kuielewa: serikali hukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni, na kampuni juu ya riba yake inaongeza faida na bima ya hatari. Njia hii inalipa pale tu ambapo mtu binafsi anajenga vizuri zaidi, haraka zaidi, au anabeba hatari ambayo sisi tusingeweza kuibeba. Akikuachia hatari zote wewe, halafu akachukua faida, huo ni mkopo wa riba kubwa uliovishwa kanzu.

Hesabu ya bweni letu

Sasa tuyaweke mezani mambo yetu. Tutatumia namba za mviringo kwa ajili ya mfano. Makadirio kamili, chumba kwa chumba, yako kwa katibu na kila mwanachama anaruhusiwa kuyasoma.

Tuseme bweni zima lenye vyoo, bafu na tangi la maji ni shilingi milioni 120. Mfadhili analijenga sasa, nasi tunamlipa milioni 2.5 kila mwezi kwa miaka saba. Miezi 84 mara milioni 2.5 ni milioni 210. Juu ya gharama ya jengo tutakuwa tumeongeza milioni 90. Riba iliyojificha ndani ya mpango huo ni karibu asilimia 18 kwa mwaka, ingawa neno riba halimo kwenye karatasi.

Njia ya awamu: mwaka huu tunajenga upande mmoja kwa milioni 70. Baada ya miaka miwili tunajenga upande wa pili, ambao leo ungegharimu milioni 50. Bei za vifaa hupanda, kwa hiyo tuweke ongezeko la asilimia 20, iwe milioni 60. Jumla ni milioni 130.

Mtu mwenye akili atasema hamjatenda haki, kwani shilingi ya mwaka wa saba haina nguvu ya shilingi ya leo. Ni kweli, na ndivyo wahasibu tunavyofanya: tunazirudisha zote kwenye thamani ya leo. Tukipunguza kwa asilimia 8 kila mwaka, malipo ya mfadhili yana thamani ya leo ya kama milioni 160. Njia ya awamu ni kama milioni 121. Tofauti iliyobaki ni milioni 39, na hiyo inatosha vitanda, magodoro na kisima, na chenji ikabaki.

Lakini tusijidanganye kwamba kusubiri hakuna gharama. Kwa njia ya awamu, nusu ya mabinti watasubiri miaka miwili. Binti anayetembea alfajiri na kurudi magharibi, au anayepanga chumba mtaani akiwa na miaka kumi na tano, yuko hatarini, na kila mzazi hapa anajua hatari gani tunaisemea. Akiacha shule, hakuna daftari litakalomrudisha. Kama michango yetu ingekuwa haitabiriki kabisa, hata milioni 39 za ziada zingeweza kuwa bei halali ya kuwalinda wote mara moja. Kwa hiyo uamuzi wa leo hautoki kwenye kikokotoo peke yake. Unatokana pia na kama sisi ni watu wa kutimiza ahadi.

Na hapa ndipo hoja kubwa dhidi ya mfadhili inapokaa. Yeye anataka dhamana. Chama chetu hakina mali ya kuweka rehani. Shule na ardhi yake ni mali ya umma. Tukishindwa kulipa mwaka wa nne, msimu wa korosho ukiwa mbaya na bahari ikiwa chafu, nani atafungiwa mlango? Ni binti aliyemo ndani. Mchango ukichelewa, ujenzi unasimama. Deni likichelewa, wanaoumia ni wale tuliotaka kuwasaidia. Dawa ya deni kulipa, na sisi kipato chetu hakiji kila mwezi kama mshahara: kinakuja na mnada wa korosho na mwezi mzuri wa samaki.

Kamati inapendekeza nini

Kamati ya fedha inapendekeza tujenge kwa awamu, kwa masharti yafuatayo, ambayo tunaomba yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao:

1. Awamu ya kwanza ikamilike hadi kitanda. Tusimwage msingi wa jengo zima kisha tukauacha. Nchi hii imejaa maboma yaliyosimama hadi miti ikaota ndani yake. Upande mmoja wenye bati, milango, vyoo na maji una thamani. Kuta nne zisizo na paa hazimlazi mtu.

2. Kabla ya jembe kugusa ardhi, tupate makubaliano ya maandishi na halmashauri: nani atakuwa matroni, nani atalipa maji na umeme, nani atakarabati. Jengo tutalikabidhi kwa umma, na wajibu wa kulitunza lazima uwe na mwenyewe.

3. Kila ununuzi unaozidi kiwango tutakachokubaliana upate bei tatu kutoka maduka matatu, na karatasi zote tatu zihifadhiwe, hata zile zilizoshindwa.

4. Ziwepo kamati tatu tofauti: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Anayenunua asiwe ndiye anayehesabu kilichofika. Hatufanyi hivyo kwa kumshuku mtu. Tunamlinda mwenye nia njema asije akasingiziwa.

5. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa: msingi, lenta, paa, umaliziaji. Asilimia 10 ya malipo yake ibaki hadi masika moja ipite. Paa linalovuja hujitangaza lenyewe mvua ikinyesha.

6. Vipimo viandikwe kwa maneno yanayopimika: bati za geji 28, nondo za unene uliotajwa, mchanga wa bara, uwiano wa saruji na kokoto. Neno "bora" lisionekane mahali popote kwenye mkataba, maana kila mtu ana bora yake.

7. Kila miezi mitatu, mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na yatumwe kwenye kundi letu la simu, pamoja na picha ya jengo lilipofikia.

Tunaongeza neno kwa vijana na akina mama. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni sasa zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kundi la vijana wa Msimbati linalofyatua matofali, likijisajili kihalali, linaweza kuuza kwa shule, kwa kituo cha afya na kwa halmashauri. Thamani ya fedha ya umma inaongezeka pia pale shilingi inapopita mikononi mwa watu wa hapa kabla haijaondoka. Kamati iko tayari kukaa na kikundi chochote kukisaidia kuandaa hesabu zake.

Mwisho, ndugu zetu, tuzungumzie mfuko. Awamu ya kwanza tumesema milioni 70. Watu 350 wakitoa shilingi 200,000 kila mmoja, tumemaliza. Laki mbili kwa wengine ni kitu cha siku moja, kwa wengine ni elfu ishirini kwa miezi kumi, na kwa mkulima ni ahadi ya kulipwa baada ya mnada. Aliye na lori atoe safari mbili za mchanga, tutaziandika kwa bei yake. Aliye fundi atoe siku zake, tutaziandika vilevile. Fomu za ahadi ziko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Tunaomba jambo moja tu: andika kiasi utakachokitoa kweli. Ahadi ya elfu hamsini iliyolipwa inajenga ukuta, na ahadi ya milioni isiyolipwa inavuruga hesabu ya wote, kwani fundi ameshaitwa na nondo imeshaagizwa kwa kuitegemea.

Kwa miaka mingi tumewauliza wengine fedha za gesi ziko wapi, na swali hilo ni haki yetu, tutaendelea kuliuliza. Mwaka huu na sisi tutakuwa na fedha za watu mkononi, na watu wana haki ya kutuuliza vivyo hivyo. Daftari litakuwa wazi kwa katibu siku zote za kazi, na kwenye mkutano wa mwakani tutalisoma hapa ukurasa kwa ukurasa.

 Karibuni kwenye changizo.